Darasa Lisilo na Swali



Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, badala ya 1989. Watoto waliingia shuleni wengi kuliko walimu waliokuwapo, hata vijana waliohitimu elimu ya msingi wakapewa chaki huku wakijifunza ualimu kazini. Azimio la Musoma lilimfikisha mtoto darasani. Ilibaki kazi ambayo hakuna kikao kiwezacho kuimaliza, nayo ni kuiamsha akili yake.

Kiongozi wa nchi wakati huo alikuwa mwalimu kwa kazi kabla ya kuwa Mwalimu kwa jina. Julius Nyerere alitoka Butiama akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Baadaye alifundisha Tabora, kisha Pugu, akaiacha kazi hiyo 1955 kwa ajili ya siasa. Falsafa yake ya ualimu imo katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Alitaka shule impe mtoto mambo matatu: akili ya kudadisi; uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua kinachomfaa; na imani kwamba yeye ni mtu huru, sawa na wenzake.

Mambo hayo hayapatikani kwa kukaririshwa. Mwalimu anayemnyamazisha mtoto aulizaye "kwa nini" anafundisha somo jingine lisilomo katika mtaala, yaani utii wa woga. Pengine mtoto huyo atafaulu mtihani. Lakini kesho, ofisini, atatia saini asichokielewa, na mkutanoni atanyoosha mkono kwa kuwa wengine wamenyoosha.

Ni kweli kwamba madarasa mengi yamefurika, hasa tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Hata hivyo, swali halingoji vifaa. Musoma, mwalimu wa hesabu na aulize: ndoo ya dagaa wabichi ikikaushwa hubaki kilo ngapi, na faida humwendea nani? Bunda, wa jiografia na aulize: kwa nini tembo wa Serengeti huingia mashambani? Butiama, wa sayansi na aulize: kwa nini mhogo hustahimili ukame kuliko mahindi? Wanafunzi wabishane kwa vikundi, wakawaulize wazazi, walete majibu. Hapo mzazi asiyejua kusoma naye atakuwa mwalimu, na mtoto hatamdharau.

Swali likimshinda mwalimu, aseme: "Sijui, tutafute pamoja." Heshima yake haitapungua. Nao maofisa elimu wasimpime kwa alama za mtihani peke yake. Wakae darasani wasikilize ni nani anayezungumza.

Kila jioni mwalimu na ajiulize: leo ni nani aliyeuliza swali? Akikosa hata mmoja, basi kesho hana budi kulirudia somo lile.