Mbuzi Aliyeshinda Kiangazi Asiuawe na Mvua ya Kwanza
Hotuba kwa wakazi wa Chechelesi, Isiolo



Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepoa, hali iitwayo La Niña, na ikiwa hivyo mvua za vuli hupungua Kenya. Mwishoni mwa 2023 El Niño ikaleta mafuriko.

Wafugaji wanaijua ajabu hii: mbuzi anastahimili kiangazi chote, kisha anakufa usiku wa mvua. Sababu ni baridi. Mnyama aliyekonda hana mafuta ya kumpa joto. Manyoya yakilowa, maji yanapokauka huondoa joto mwilini, na upepo huzidisha. Wingu kubwa la mvua lina barafu sehemu ya juu, nalo hushusha hewa baridi na wakati mwingine mvua ya mawe. Si lazima theluji ianguke ndipo baridi iue.

Kabla ya Machi na Oktoba, sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Uzeni mapema wanyama mtakaoshindwa kuwalisha, wakiwa bado na bei. Zizi liwe palipoinuka, mbali na laga, na upande wa upepo uzibwe kwa matawi au turubai. Wadogo na wenye mimba wawekwe pakavu kwanza. Anayetetemeka afutwe akauke, na afisa wa mifugo aitwe mapema.

Mvua ni baraka. Tuipokee tukiwa tayari.