GESI IKO BAHARINI, VIJANA WANAZEEKA NCHI KAVU



Wakubwa wa makampuni ya mafuta wana wimbo wao: eti mafundi wa mitambo ya baharini wanazeeka, na vijana hawaitaki kazi. Usiumeze hivi hivi.

Chukua Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza. Mafuta ya eneo la Forties yaligunduliwa mwaka 1970, yakaanza kutoka 1975, na vijana wakamiminika Aberdeen. Mwaka 1986 bei ikaanguka, watu wakapunguzwa. Kati ya 2014 na mwanzoni mwa 2016 pipa likaporomoka tena, kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya dola 30. Yakawa yale yale. Bei ikianguka, kijana anayetaka kujifunza kazi hufungiwa mlango. Miaka 10 baadaye bwana mkubwa anafungua daftari la wafanyakazi, anaona pengo, anauliza vijana wako wapi! Si uliwafungia mwenyewe?

Hata huo uzee umetiwa chumvi. Hesabu za chama cha makampuni yenyewe kule Uingereza zilionyesha wastani wa umri mitamboni ni miaka 41 hivi. Kwetu huyo angeitwa kiongozi wa vijana.

Tuje nyumbani sasa. Gesi ya kina kirefu ilianza kugunduliwa katika bahari yetu mwaka 2010. Kijana wa Lindi aliyekuwa na miaka 18 wakati ule amekwishapita 30. Aliambiwa asubiri kiwanda cha Likong'o. Juni 2022 serikali ikatia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell, yeye akanunua kalamu ya kuandikia barua ya maombi. 2023 ikapita, 2024 ikapita, ujenzi haukuanza.

Na kazi yenyewe haina huruma. Uingereza, cheti cha afya cha kwenda mtamboni hakizidi miaka 2. Mafunzo ya kujiokoa kwenye helikopta iliyozama hurudiwa kila baada ya miaka 4. Mtu wa miaka 45 aliyeanza na 20 hayo kwake ni mazoea. Wa miaka 45 asiyewahi kukanyaga mtambo ataajiriwa kama nani? Mpishi? Mfagiaji?

Kwa nini wasipelekwe mitambo ya nje kujifunza wakati tukisubiri? Wakubwa watupe orodha: tangu 2010, vijana wangapi wa Lindi na Mtwara wamefundishwa kazi za baharini, na leo wana umri gani?