Matela Mawili Nyuma ya Gari Moja



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu, hasa ninyi mkaao karibu na mashamba ya miwa. Wakati wa mavuno trekta moja hupita barabarani likivuta tela lililojaa miwa. Na nyuma ya tela hilo limefungwa tela jingine, nalo limejaa vilevile. Watoto hulikimbilia wapate kuchomoa mua mmoja au miwili. Watu wazima husimama kando, wengine wakisifu nguvu za mtambo, wengine wakitikisa vichwa. Na maswali tunayoulizwa ni mawili: Je, jambo hili ni salama? Na je, laruhusiwa na sheria? Tutayajibu moja moja, maana jambo laweza kuruhusiwa na sheria, na bado likafanywa kwa njia ya hatari.

Kwanza, haifai kumdharau mtu atumiaye tela la pili. Yeye huwaza hivi: dereva ni mmoja, mtambo ni mmoja, safari ni moja, mzigo ukiwa maradufu, gharama ya kila tani itapungua. Wazo hili si geni. Mwaka 1934 gari kubwa lililotengenezwa Uingereza lilipelekwa Northern Territory, katika nchi ya Australia, livute matela mawili mahali pasipo na reli wala barabara njema. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, mtu mmoja wa mji wa Alice Springs, jina lake Kurt Johannsen, alinunua magari yaliyoachwa na jeshi, akaunda matela yake mwenyewe, akayafunga moja nyuma ya jingine kwa kusafirisha ng'ombe. Hata leo magari ya namna hiyo husafiri katika nyika za Australia. Watu wa huko huyaita treni za barabarani, na baadhi yake yana urefu wa meta 53 na nusu.

Lakini angalieni. Mafundi wale hawakufunga tela la pili wakaondoka tu. Magurudumu ya matela yao waliyatengeneza yageuke, ili kila tela lifuate nyayo za gari lililotangulia. Walijua tangu mwanzo kwamba taabu kubwa ya msafara wa namna hii iko mkiani.

Ili mpate kulielewa neno hili, kumbukeni mchezo mmoja wa watoto. Watoto wanane hushikana mikono katika mstari, na aliye mbele hukimbia, kisha hugeuka ghafula. Yeye mwenyewe hupiga hatua mbili tatu tu. Wa katikati hulazimika kukimbia. Wa mwisho hurushwa, akaanguka majanini, na wenzake wakacheka. Matela nayo ndivyo yalivyo. Wataalamu wameyapima kwa vyombo, wakaona ya kwamba dereva akikwepa kitu ghafula katika mwendo wa kasi, tela la mwisho laweza kusukumwa upande kwa nguvu ipatayo mara mbili ya ile iliyolisukuma gari lenyewe. Wala dereva hasikii kitu kitini pake. Magurudumu ya upande mmoja ya tela la mwisho yaweza kuwa yameinuka juu, hali yeye adhani mambo ni shwari.

Kwenye kona iko hatari nyingine. Magurudumu ya tela la kawaida hayapiti pale yalipopita ya gari, bali hukata kona kwa ndani. Nayo ya tela la pili hukata zaidi ya yale ya la kwanza. Basi mtu aliyesimama ukingoni mwa kona, akaona trekta limempita salama, asidhani hatari imekwisha. Na arudi nyuma hatua kadhaa, asubiri mpaka mkia wote upite.

Hatari ya tatu humpata yule atakaye kulipita gari hilo barabarani. Wanafunzi, chukueni kalamu. Lori lenye matela mawili lina urefu wa meta 22, nalo laenda kilometa 60 kwa saa. Motokaa yenye urefu wa meta 4 yataka kulipita kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, ikiacha nafasi ya meta 20 kabla ya kulipita na meta 20 baada ya kulipita. Jumla ni meta 66. Tofauti ya mwendo wao ni kilometa 20 kwa saa, yaani meta 5 na nusu hivi kwa kila sekunde. Gawanyeni, mtapata sekunde 12. Katika sekunde hizo motokaa itakwenda meta 267 ikiwa upande usio wake. Na kama gari jingine laja kutoka mbele kwa mwendo uleule, nalo litakuwa limekwenda meta 267. Basi mwenye motokaa hana budi kuona barabara tupu kwa zaidi ya nusu kilometa. Ni barabara ngapi za kwetu, zenye vilima na kona, zimpazo mtu nafasi hiyo?

Hatari ya nne ni breki, na hiyo hatukuisoma kitabuni. Ilitufika sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita chuo chetu cha ualimu kilikuwa kinajenga bweni. Tuliazima trekta na matela mawili kwa jirani mmoja mwenye shamba, tupate kuleta matofali kabla ya mvua. Tela la kwanza lilikuwa na breki. La pili halikuwa nazo. Dereva, mtu mzima wa makamo, alitwambia wazi, "Waalimu wangu, afadhali twende mara mbili." Sisi tuliosimamia kazi tukamjibu kwamba mvua haitatungoja. Tena tukawaachia wanafunzi wanne wapande juu ya matofali; na mmoja wao, kijana wa mwaka wa kwanza, akakaa juu ya chuma cha kuvutia kilicho kati ya matela mawili, kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Tulimwona, wala hatukusema neno.

Kwenye mtelemko wa kushukia kijito dereva alipunguza mwendo. Trekta likatii, na tela la kwanza likatii. La pili halikuwa na kitu cha kulizuia, nalo lilikuwa na matofali tele, likasukuma. Matela yakajikunja kama kisu cha kukunja, na mguu wa kijana yule ukabanwa kati ya chuma na mbao za tela. Alitibiwa, akamaliza masomo yake, na leo ni mwalimu mwenzetu. Lakini hutembea kwa mkongojo, na kila tuusikiapo mkongojo ule barazani twaikumbuka safari moja tuliyotaka kuiokoa.

Watu husema, ajali haina kinga. Ajali yetu ilikuwa na kinga. Dereva alituletea kinga hiyo kwa kinywa chake, nasi waalimu tukaikataa. Wahenga walinena kweli waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana sisi tuliosimama kivulini kuhesabu matofali hatukuusikia uzito ambao dereva aliusikia mikononi mwake.

Sasa natuitazame sheria. Sheria za nchi hazifanani. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1986, motokaa haina ruhusa ya kuvuta zaidi ya tela moja, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ujerumani magari huvuta tela moja tu, lakini trekta laweza kuvuta mawili, kwa sharti kwamba urefu wa msafara wote usizidi ule ulioruhusiwa kwa gari lenye tela moja. Hivyo mkulima apata tela la pili, lakini hapati urefu zaidi. Marekani, sheria ya mwaka 1982 iliruhusu malori kuvuta matela mawili yenye futi 28 kila moja katika barabara kuu za nchi nzima. Lakini mtu atakaye kufunga mashua nyuma ya nyumba yake ya magurudumu hana budi kuuliza katika kila jimbo apitalo, maana moja huruhusu na jingine hukataza. Afrika ya Kusini, lori lenye matela mawili halina ruhusa kuzidi urefu wa meta 22 wala uzito wa tani 56. Na kule Australia, treni za barabarani hupita katika njia zilizokubaliwa tu, na dereva wake hutakiwa awe na leseni ya daraja lake maalumu.

Huku kwetu, Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na matela yake, na kila ekseli ina kikomo chake pia. Kwa hiyo kuongeza tela si kuongeza haki ya kubeba mzigo bila mwisho. Mizani iliyo kando ya barabara haitazami idadi ya matela tu, hutazama uzito.

Ukizipanga sheria hizi pamoja utaona kwamba zote zauliza maswali yaleyale. Msafara una viungo vingapi? Una urefu gani, na uzito gani? Breki zake zatosha? Dereva amefundishwa kazi hiyo? Na barabara hii yaifaa? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo asiondoke.

Basi twawashauri mambo haya.

Kwanza, kabla ya kufunga tela la pili mwulizeni askari wa usalama barabarani, na someni hati za gari. Ruhusa ya mwenye shamba ndani ya shamba lake si ruhusa ya barabara ya watu wote.

Pili, tela zito na likae mbele, jepesi nyuma. Mzigo upangwe chini, usawazishwe pande zote, ufungwe imara.

Tatu, kila tela liwe na breki zake zifanyazo kazi. Pini iwe na kizuizi chake, na minyororo ya akiba iwepo, ili kiungo kikikatika tela lisiachwe likaenda litakako.

Nne, taa na vibao vya kung'aa viwe nyuma ya tela la mwisho. Trekta liharibikapo usiku, tela lisilo na taa ni ukuta katikati ya njia.

Tano, dereva aingie gea ndogo kabla ya kuanza mtelemko, asingoje mpaka mzigo umsukume. Wala asijaribu kurudi nyuma na matela mawili. Ni afadhali kulifungua la pili kuliko kulivunja.

Sita, mtu yeyote asikae juu ya chuma cha kuvutia, wala juu ya mzigo, hata kwa hatua mia moja. Nanyi watoto, mua mmoja una utamu wa kitambo kidogo tu. Tela la kwanza likipita msikimbilie nyuma yake, maana la pili laja.

Na neno letu la mwisho ni kwa wakubwa: wenye magari, wenye mashamba, na waalimu kama sisi. Dereva akikuambieni kwamba mzigo ni mwingi, msimwite mvivu. Yeye peke yake ndiye aketiye mbele ya mzigo huo, na mtelemko waujua ukweli wake. Kwenda mara mbili ni gharama ya mafuta na ya saa chache. Sisi tuliokataa kwenda mara mbili bado twalipa.

Kwa herini.