Mtafuta Wafadhili Asiachwe Peke Yake

Leo tuna swali moja: yule mnayemtuma kutafuta wafadhili, mmempa mtu wa kumwongoza?

Sisi tulipoanza kazi hii tulinakili barua moja ya kuomba tanki la maji, tukaituma kwa wafadhili 12. Kimya! Mama mmoja mzoefu akatuketisha, akauliza: “Hawa mnawajua? Wanasaidia nini? Pesa zao hutoka wapi?” Tukaangalia chini.

Mama huyo alitufundisha kuchunguza kabla ya kuomba. Trócaire ya Ayalandi, iliyoanzishwa 1973, huchangisha wakati wa Kwaresima kwa visanduku vya nyumbani. Hizo ni senti za watu wa kawaida, lazima uzitolee hesabu. Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa 2013, iliundwa kutoa mikopo. Ukidhani ni msaada, mtajikuta na deni.

Basi, kila kikundi kichague mzoefu mmoja, kijana mmoja na daftari moja. Waandike pamoja kila mfadhili, masharti yake na jibu lake. Siku mzoefu akihama au akifariki, ujuzi usiondoke naye.

Haya, hapa kwenu mzoefu ni nani? Na kijana wake?