Waranti ya Nyumba: Je, Inafaa Kuilipia?

(Mada iliyotolewa katika kikao cha kila mwezi cha familia, Columbus, Ohio, Marekani)

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.



Kamati ya kikao imenitaka nizungumzie jambo ambalo limekuwa likiulizwa sana baada ya sala na hata kwenye simu. Familia kadhaa miongoni mwetu zimehama nyumba za kupanga na kununua nyumba zao. Namna ya kununua nyumba bila ya kuingia katika riba ina kikao chake, na leo hatutaigusa. Leo tunazungumzia kinachofuata baada ya kukabidhiwa ufunguo. Kabla hata masanduku hayajafunguliwa, barua huanza kuingia: "Dhamana ya nyumba yako inakaribia kwisha." Baadhi yake hupambwa nembo na maandishi mazito hata ukadhani zimetoka serikalini, kumbe ni matangazo ya biashara. Ndipo baba na mama hukaa mezani wakaulizana: tulipe au tusilipe?

Waranti ya nyumba ni nini?

Ni lazima kwanza tutenganishe mambo manne ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni bima ya nyumba. Hii huhusu maafa kama vile moto, upepo mkali au wizi, wala haihusu chombo kilichokufa kwa uchakavu.

La pili ni dhamana ya mtengenezaji, inayokuja pamoja na chombo kipya. Watengenezaji wengi wa hita za nyumba na viyoyozi hutoa dhamana ya vipuri ya miaka 10, kwa sharti kwamba mwenye nyumba akisajili chombo ndani ya muda uliowekwa, aghalabu siku 60 au 90. Wangapi kati yetu wamesajili?

La tatu ni dhamana ya mjenzi kwa nyumba mpya. Ada iliyozoeleka ni mwaka 1 kwa kazi za mikono na umaliziaji, miaka 2 kwa mabomba na nyaya, na miaka 10 kwa kasoro kubwa za jengo.

La nne ndilo mada yetu: mkataba wa mwaka mmoja mmoja, biashara iliyoanza hapa Marekani mwaka 1971. Mwenye nyumba hulipa ada ya mwaka, na chombo kikiharibika kwa matumizi ya kawaida huipigia simu kampuni, nayo humtuma fundi inayemchagua yenyewe. Kila fundi anapokuja, mwenye nyumba hulipa tena ada ya kumwita, ambayo mara nyingi ni dola 75 hadi 125. Mikataba mingi huweka siku 30 za kungoja kabla ya kuanza kazi, na kila chombo huwekewa kikomo cha fedha ambazo kampuni haitazidisha.

Yaliyotufika nyumbani

Ndugu zangu, sisemi haya kwa kusoma tu. Nyumba yetu tuliinunua ikiwa na waranti ya mwaka mmoja iliyolipiwa na muuzaji. Mwaka ulipokwisha kampuni ilituandikia, nami kwa hofu ya baridi nikalipa mwaka wa pili, dola 600, bila ya kuusoma mkataba. Mimi niliyekaa miaka mingi mbele ya masheikh nikisoma mlango wa biashara kwa Kiarabu, nikahifadhi tafsiri ya gharar na masharti ya mauzo, niliweka saini yangu chini ya kurasa ambazo sikuzisoma.

Mwezi wa Januari hita ilizimika usiku. Kampuni ilisema fundi atafika baada ya siku tatu. Mama watoto akataka kuwasha jiko la gesi na kuliacha wazi ili chumba kipate joto, nami karibu nikubali. Alhamdulillahi, jirani yetu mzee wa Barawa alitupigia simu akasema, "Ustadh, msiwashe jiko. Leteni watoto kwangu." Baadaye ndipo nilipojua kuwa jiko la gesi linaweza kujaza nyumba hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hili peke yake lichukueni kwa uzito, hata kama mengine mtayasahau.

Fundi alikuja, nikalipa dola 100, akafungua hita, akapiga picha na kuondoka. Siku ya pili jibu lilikuja: ombi limekataliwa, kwa kuwa chujio lilikuwa limeziba na hakuna stakabadhi ya kuonyesha kuwa hita ilihudumiwa kila mwaka. Nilikasirika. Lakini nilipoufungua mkataba, sharti hilo nililikuta limeandikwa wazi. Hawakunificha kitu. Aliyejificha ni mimi. Hita mpya tuliinunua kwa fedha za kukopeshwa na ndugu.

Tupige hesabu

Sasa tutazame faida na hasara kwa uadilifu. Tuchukue mfano wa ada ya dola 600 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni dola 3,000. Tuseme fundi ameitwa mara tano kwa dola 100, basi ni dola 500. Jumla ni dola 3,500.

Tuseme katika miaka hiyo mitano kampuni imekubali kila ombi: tangi la maji moto limebadilishwa kwa dola 1,600, hita imetengenezwa kwa dola 450, jokofu dola 300, mashine ya kufulia dola 250, na bomba dola 250. Jumla ni dola 2,850. Mtu aliyeziweka dola zake 3,500 katika sanduku lake angelipia yote hayo na kubakiwa na dola 650.

Wala hili lisitushangaze. Kutokana na ada za wateja, kampuni hulipa mafundi, makarani, matangazo na faida ya wenye mali. Haiwezi kuwarudishia wateja wake kwa ujumla zaidi ya ilichokusanya, vinginevyo itafilisika.

Atauliza muulizaji: je, hita ikifa kabisa katika mwaka wa kwanza, na mpya ni dola 6,000? Swali hili ni la haki. Mwenye sanduku atakuwa na dola 600 tu. Lakini naye mwenye waranti asijidanganye. Ikiwa kikomo cha mkataba wake ni dola 3,000, zilizobaki 3,000 ni zake, na hapo ni baada ya ombi kukubaliwa.

Na hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Nani anaihitaji waranti kuliko wote? Ni yule mwenye nyumba kuukuu, vyombo vilivyochakaa, na asiye na akiba. Na nani yuko karibu zaidi na kukataliwa? Ni huyo huyo! Chombo chake kikuukuu ndicho kinachoambiwa kuwa kilikuwa na hitilafu kabla ya mkataba, na stakabadhi za miaka iliyopita hana, kwa kuwa aliyekuwa akiishi humo ni mwingine. Ama mwenye vyombo vipya, huyo tayari ana dhamana ya mtengenezaji, naye anapolipia waranti hulipia mara mbili.

Wanazuoni wanasemaje?

Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo mwisho wake haujulikani, mtu hajui atapata nini kwa mali aliyoitoa. Baraza la Fikihi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwezi Desemba 1985 lilipitisha kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa inayoharibu mkataba, likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano iliyosimama juu ya kuchangiana.

Baraza hilo hilo lilikutana tena Manama, Bahrain, mwezi Novemba 1998, likazungumzia mikataba ya matengenezo. Likabainisha kuwa kumkodi fundi akihudumie chombo kwa muda maalumu ni ijara inayojuzu, madhali kazi inajulikana na ujira unajulikana. Kadhalika inajuzu muuzaji kushurutishiwa matengenezo kwa muda maalumu ndani ya mauzo yenyewe.

Basi dhamana ya mtengenezaji haina tatizo. Na kumlipa fundi ada ya mwaka ili aje kila msimu kusafisha na kukagua hita hakuna tatizo. Ama mkataba ambao unalipa dola 600 na huenda usipate chochote, au ukapata mara tano yake, wako wanazuoni wa zama zetu wanaouweka katika hukumu ya bima, na wako wanaoukurubisha na matengenezo. Mimi ni mwalimu wa madrasa, si mufti. Nafsi yangu imetulia kwenye kauli ya kwanza, nami nimeacha. Mwenye shaka amuulize mwenye elimu anayemwamini, lakini aende na mkataba mkononi, kwani fatwa hujengwa juu ya kilichoandikwa.

Tufanye nini?

1. Ukipewa waranti na muuzaji pamoja na nyumba, uombe mkataba wenyewe, siyo karatasi ya matangazo. Soma kwanza sehemu ya visivyohusika, kisha vikomo vya malipo, kisha masharti ya matunzo. Usiposoma vizuri Kiingereza, mlete kijana wako akusomee. Si aibu. Aibu ni niliyoifanya mimi.

2. Andika umri wa kila chombo. Hita ya gesi aghalabu huishi miaka 15 hadi 20, tangi la maji moto miaka 8 hadi 12. Ukijua tangi lako lina miaka 11, huna haja ya waranti kukwambia kuwa fedha zake zianze kuwekwa sasa.

3. Badilisha chujio la hita kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, mwite fundi kabla ya baridi kuingia, na uhifadhi kila stakabadhi katika bahasha moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwetu ufa ulikuwa chujio la dola chache.

4. Weka kengele ya kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala.

5. Fungua sanduku la nyumba. Dola 50 kila mwezi ni zile zile 600 za waranti, ila hizi zisipotumika mwaka huu zitakungoja mwaka ujao.

6. Kwa yule ambaye chombo kitakufa kabla sanduku halijajaa, hatuna budi kusaidiana. Kwetu pwani, paa la mtu likiezuliwa na upepo jirani hawaulizi amelipa ada gani. Naleta pendekezo mbele ya kikao hiki: tukiwa familia 15, kila moja ikatoa dola 20 kwa mwezi kwa nia ya kuchangiana, tutakuwa na dola 3,600 kwa mwaka. Yawepo masharti yaliyoandikwa, mweka hazina wawili, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, maana mifuko mingi yetu imevunjwa na ukimya zaidi ya wizi.

Naiomba kamati isiahirishe jambo hili hadi mwakani. Baridi haingoji kikao. Usiku ule watoto wangu walilala na joto kwa sababu ya simu ya jirani mmoja, na sipendi tuendelee kutegemea kuwa jirani yule atakuwa macho kila mara.

Tunamuomba Allah (s.w.) azibariki nyumba zetu, azifanye kuwa mahali pa utulivu na ibada, na atujaalie kuwa wasomaji wa tunachokitia saini. Wabillahi tawfiq.