Ngoma Ilipohamia Serikalini: Les Ballets Africains na Siasa za Guinea



Ngoma ya kisiasa ikitajwa, wengi wetu humfikiria mnyonge anayempinga mtawala. Nimechagua Guinea kwa sababu huko ngoma ilianza hivyo, kisha ikahamia upande wa mtawala.

Fodéba Keïta, mzaliwa wa Siguiri aliyesoma shule ya William Ponty nchini Senegal, alilikuza kundi lake, Les Ballets Africains, mjini Paris, likavuma miaka ya 1950. Watazamaji wa Ulaya walizoea kuonyeshwa Mwafrika kama kioja. Yeye aliwapelekea ngoma za Afrika Magharibi zilizopangwa kwa ustadi, zikisimulia hadithi, katika majumba yaleyale yaliyojivunia baleti yao. Maandishi yake yalikuwa makali zaidi. Shairi lake *Aube africaine* linamhusu Naman, mkulima aliyeipigania Ufaransa vitani, akarudi na kuuawa Thiaroye, nchini Senegal, ambako tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari Waafrika waliodai malipo yao. Wakoloni walipiga marufuku maandishi yake mwaka 1951.

Septemba 28, 1958, Guinea ilimkatalia kiongozi wa Ufaransa, de Gaulle, kwa kura, ikachagua uhuru. Kundi likawa la taifa, likazunguka dunia kuitangaza nchi. Keïta naye alikuwa waziri, akashika Mambo ya Ndani na Ulinzi.

Hapa naomba tutulie kidogo. Katika eneo la misitu, kusini-mashariki, serikali ya Rais Sékou Touré iliendesha kampeni ya kufuta kile ilichokiita ushirikina. Vinyago vitakatifu vilichomwa au kutwaliwa, na jando za siri zikapigwa marufuku. Lakini ngoma za vinyago hivyohivyo zilipandishwa jukwaani katika mji mkuu, Conakry, kuwa fahari ya taifa. Kijijini, kinyago kilikuwa na mamlaka: kiliamua ugomvi, kiliogopwa hata na wakubwa. Jukwaani kilimtumbuiza waziri. Naiona hiyo kuwa hatua ya kisiasa zaidi kuliko hotuba yoyote ya wakati ule, kwani iliwapokonya wazee wa kijiji madaraka huku ikionekana kuwaenzi.

Hata hivyo, tusiseme kwamba vijana waliocheza jukwaani waliburutwa tu. Kwa wengi wao, wasichana hasa, mashindano ya sanaa ya mikoa yalifungua mlango wa kusafiri na kusikika mbele ya wazee waliozoea kuwanyamazisha. Hilo nalo ni siasa, na utafiti unaomtazama Rais peke yake hauwezi kuliona.

Keïta alikamatwa mwaka 1969 na kuuawa mwaka huohuo. Alifungwa Camp Boiro, gereza ambalo yeye mwenyewe, akiwa waziri, alishiriki kulianzisha. Kundi lake liliendelea na ziara.

Baada ya Sékou Touré kufariki mwaka 1984, fedha za serikali zilipungua, na wachezaji wengi wakaenda kufundisha Ulaya na Marekani. Waliocheza miaka ya 1960 sasa ni wazee sana. Napendekeza wahojiwe wao kwanza, pamoja na wanavijiji ambao ngoma zao zilichukuliwa, kabla hatujarudi kwenye nyaraka za chama tawala cha wakati ule.