MALI BILA DAFTARI: Nyoka, Kobe na Vyura Wetu katika Majarida ya Kisayansi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Zagayu)



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama hapa. Kamati ilinitaka nizungumze juu ya kazi iliyonishughulisha miaka mingi, yaani kufundisha elimu ya viumbe, na hasa habari za reptilia na amfibia: nyoka, mijusi, kobe na vyura. Wengine mmeguna niliposema nyoka. Msiwe na wasiwasi, mfuko wangu hauna kitu ila miwani na karatasi. Sitazungumza sana juu ya sumu. Nitazungumza juu ya kuandika, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wanyama hawa ni mali.

Sisi watu wa Usukuma hatukuanza jana kuwajua nyoka. Chama cha Bayeye kilikuwa cha mabingwa wa nyoka. Walijua nyoka yupi hukaa wapi, hutoka lini, hushikwa vipi, na walikuwa na dawa zao. Ngoma yao ya nyoka ilivuta watu wengi. Lakini elimu yao ilikuwa ya siri. Mtu aliipata kwa kuingizwa chamani, na asiyeingizwa hakuambiwa. Mzee akifa bila kumfundisha mtu, alikwenda nayo kaburini. Mwaka 1946 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa mtumishi wa Serikali ya Tanganyika, alichapisha makala juu ya Bayeye katika jarida liitwalo Africa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Tokyo anaweza leo kusoma habari za Bayeye maktabani, na huenda akajua mengi kuliko mjukuu wa Muyeye aliye hapa Itilima. Silaumu siri ya wazee, kwani ilikuwa na sababu zake. Nasema tu kwamba kilichoandikwa kimebaki. (Na kwa kuwa nimetaja dawa, niseme wazi: aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza.)

Sasa, kuchapisha katika sayansi ni nini? Mtu akiona mnyama anayedhani hajulikani, hawezi kusimama sokoni na kutangaza. Huandika makala. Hueleza umbo la mnyama kwa vipimo, huhesabu magamba, humlinganisha na ndugu zake wote waliokwisha kuandikwa. Hutaja mnyama mmoja aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho, mwenye namba yake, awe kielelezo cha asili, ili yeyote mwenye shaka aende akamtazame. Mhariri wa jarida huwapelekea makala hayo wataalamu wengine wayapime, nao huyarudisha yakiwa yamejaa maswali. Yakishapita ndipo huchapwa, na hapo mnyama hupata jina lake la Kilatini lenye sehemu mbili. Kwa majina ya wanyama sheria ni moja duniani kote: hesabu huanzia mwaka 1758, kilipotoka kitabu cha Linnaeus wa Sweden, na kama wawili wamempa mnyama mmoja majina mawili, jina lililochapishwa kwanza ndilo hushinda.

Mfano wa sheria hiyo uko karibu nasi. Ninyi mnaosafiri kwenda Geita mnapajua Busisi, ng'ambo ya pili ya lile daraja kubwa la ziwani lililofunguliwa mwaka 2025. Mwaka 1903 mtaalamu wa kobe wa Vienna, Friedrich Siebenrock, alichapisha habari za kobe wa ajabu kutoka Busisi, Usukuma. Ni yule kobe wa kwenye mawe aliye bapa kama chapati. Gamba lake ni jembamba, lina nafasi zisizo na mfupa, na ukimshika hubonyea kidogo. Akishtuka hajikunyati ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbia na kujipenyeza katika ufa wa mwamba. Siebenrock alimpa jina la tornieri, kwa heshima ya Gustav Tornier wa Berlin aliyekuwa ameandika juu ya reptilia wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Mwaka 1920 Boulenger wa London, asijue kwamba ni kobe yule yule, alipokea kobe waliotumwa na Arthur Loveridge kutoka Dodoma, akawaita loveridgii. Mwaka 1922 Joan Procter, wa London pia, aliandika uchunguzi mrefu juu ya gamba lile la ajabu. Hatimaye ikajulikana kuwa kobe ni mmoja, na jina la 1903 likashinda. Mwaka 1929 Lindholm akamtengea jenasi yake peke yake, Malacochersus, neno lililotokana na Kigiriki lenye maana ya ulaini na nchi kavu. Hivyo kobe wa Usukuma anaitwa Malacochersus tornieri mpaka leo. Aliyemwokota kwenye jiwe kwa mara ya kwanza, ambaye bila shaka alikuwa na jina lake la kumwita, hayumo katika jina hilo.

Nasema haya si kwa kuwachukia wageni. Loveridge alifanya kazi kubwa. Alikaa Tanganyika, kisha akawa mtunzaji wa reptilia na amfibia katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1957 alichapisha orodha ya reptilia na amfibia wote wa Afrika Mashariki waliojulikana siku zile. Hata leo mtafiti hawezi kuikwepa. Ninachosema ni kwamba anayeandika ndiye hukumbukwa, na kalamu haiulizi kabila.

Lakini, ndugu zangu, kuandika nako kuna gharama. Makala ikitaja kilima na kijiji, husomwa na mwanafunzi, husomwa pia na mfanyabiashara. Kobe wa mawe alipojulikana Ulaya na Marekani, watu walitaka kumfuga nyumbani. Wakamataji walipanda milima ya mawe, wakatoa kobe nyufani, na mahali pengine wakavunja miamba yenyewe, ambayo haioti tena. Mwaka 1995 Klemens na Moll walichapisha uchunguzi wao juu ya athari za biashara hiyo hapa Tanzania. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, CITES, ulikuwa umemweka kobe huyu katika Orodha ya Pili tangu 1975. Mwaka 2019 ukampandisha Orodha ya Kwanza, isiyoruhusu biashara ya kimataifa ya kobe waliotolewa porini. Yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliyeandikwa na Loveridge mwaka 1952, naye yamempata hayo hayo, na mwaka 2016 nchi za mkataba zilikubali kumwingiza katika Orodha hiyo ya Kwanza.

Hapa ndipo lilipo swali nililoulizwa leo asubuhi na kijana mmoja wa Kidato cha Nne, nilipokuwa nikitazama daftari za Klabu ya Sayansi. Alisema, "Shikamoo Mwalimu. Kama huko nje kobe mmoja anauzwa kwa fedha nyingi, sisi tukiandika bure tunapata nini?" Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Ni swali la mtu anayejua bei ya daftari, na linastahili jibu la kweli.

Jibu la kwanza ni hesabu. Kobe wa mawe jike hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mara moja, na mtoto huchukua miaka kukua. Kilima kikishatolewa kobe wake hakijai tena mwaka ujao kama zizi la mbuzi. Fedha nyingi unazozisikia huwa mwisho wa safari, si mwanzo wake. Kijana aliyepanda mwamba hupewa kidogo, na akikamatwa, ni yeye anayesimama mahakamani kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, si mnunuzi aliye ng'ambo.

Jibu la pili ni kwamba jarida la kisayansi kweli halimlipi mwandishi hata senti. Sitaki kuwadanganya. Malipo yake ni ya namna nyingine, nayo tuyaone kwenye mfano wa chura.

Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira kwa ajili ya mradi wa umeme wa Kihansi, huko kwenye miteremko ya Udzungwa, walipatikana vyura wadogo wa manjano wasiozidi urefu wa kifundo cha kidole, wakiishi ndani ya rasharasha la maporomoko ya maji. Hawatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Hawakujulikana kuwapo mahali pengine popote duniani. Poynton, Howell, Clarke na Lovett waliwaandika katika jarida la wataalamu wa reptilia na amfibia wa Afrika, makala yakatoka mwaka 1999, na chura akaitwa Nectophrynoides asperginis, yaani wa rasharasha. Kim Howell alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo na rasharasha likakauka. Taifa linahitaji umeme, hilo hakuna anayelikataa. Lakini kwa kuwa chura alikuwa na jina lililochapishwa, hakuna aliyeweza kusema hayupo. Palitengenezwa mvua ya mabomba kulowesha bonde. Vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama. Katikati ya mwaka 2003 bondeni walikadiriwa kufika kama 20,000. Kisha ghafla wakaisha, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Dar es Salaam kutoka Marekani, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa Kihansi. Kama makala ile ingechelewa miaka mitano, tungekuwa tumempoteza chura ambaye hatukujua kuwa tunaye. Hayo ndiyo malipo: kiumbe kilichoandikwa kina shahidi.

Je, tuandike kila kitu? Hapana. Mwaka 2011 Menegon, Davenport na Howell walichapisha habari za nyoka mpya wa kusini mwa nchi yetu, mwenye rangi nyeusi na manjano na vijipembe juu ya macho, wakamwita Atheris matildae kwa jina la binti wa Davenport. Walieleza kila kitu juu ya nyoka huyo, ila msitu anamoishi hawakuutaja bayana, ili wakamataji wasiufikie. Sayansi inataka uwazi, lakini hapa wataalamu walifanya kama Bayeye: walificha mlango, wakaacha elimu wazi. Nadhani walifanya vyema.

Sasa nizungumze na Klabu. Daftari zenu ni nzuri. Mmeandika tarehe na saa, na mmeandika kama mvua imenyesha. Endeleeni hivyo, na ongezeni haya. Andikeni jina la Kisukuma kwanza, kisha la Kiswahili, kisha la Kilatini mkilipata. Andikeni mlichokiona kwa macho mbali na mlichosimuliwa. Chukueni vipimo kwa rula kutoka kwenye picha au kwa mnyama aliyekutwa amekufa barabarani. Msikamate, maana kukamata kwa utafiti kunahitaji vibali vya TAWIRI na COSTECH, na nyoka hajali kibali. Nyufa za miamba zenye kobe ziwe katika daftari la pili, lifungiwe kwa Mwalimu wa Bayolojia, na zisitoke humo.

Msingoje kupata mnyama mpya. Majarida hupokea pia taarifa fupi: kwamba chura fulani ameonekana wilaya ambayo hakuwahi kuandikwa, au kwamba nyoka fulani amekutwa akila mnyama fulani. Liko jarida la wanahistoria ya viumbe wa Afrika Mashariki lililoanza Nairobi mwaka 1910, na taarifa za namna hii ni za kwao tangu zamani. Andikeni pamoja na mwalimu au mtafiti wa chuo kikuu, na majina yenu yawe juu ya makala, si chini kwenye shukrani. Jihadharini na majarida yanayodai fedha haraka na kuahidi kuchapa bila kuyapima makala. Jarida lisilokuuliza swali halina msaada kwako. Na maandishi ya zamani, kama orodha ya Loveridge, husomwa bure mtandaoni katika Biodiversity Heritage Library.

Nanyi wanafunzi wenzangu wa zamani, nina ombi moja. Tumezoea kuchanga kwa ajili ya saruji na mabati, na ni vizuri. Mwaka huu tuchangie pia darubini moja ya mkono, kamera ndogo, kitabu cha reptilia wa Afrika Mashariki cha Spawls, Howell na wenzao, na kabati lenye kufuli kwa ajili ya lile daftari la pili. Mimi nitatoa kitabu. Mhasibu yuko pale chini ya mti, na kalamu anayo.